Namba ya Damu na Safari ya Kutoka Kagunga

Jioni hii nazungumzia saratani ya kongosho, na hasa kipimo kimoja cha damu ambacho familia nyingi hulisikia jina lake kwa mara ya kwanza wakati ugonjwa umeshafika mbali. Kinaitwa CA 19-9. Tuseme mzee mmoja ametoka Kagunga, mwambao wa Ziwa Tanganyika mpakani na Burundi, kwa boti, amezunguka hospitali, na mwishowe amekabidhiwa karatasi iliyoandikwa 1,850. Afanye nini na namba ile? Inamwambia ataishi muda gani? Na je, ilistahili fedha zilizotumika kuipata?

Kongosho ni kiungo kilicholala nyuma ya tumbo la chakula, karibu na uti wa mgongo. Kinatengeneza insulini, na kinatoa maji ya kusaga mafuta na nyama. Kwa kuwa kimejificha huko nyuma, uvimbe wake hukua miezi mingi bila mkono kuupapasa. Maumivu yakianza, huanzia chembe cha moyo yakapenya hadi mgongoni, na usiku ndipo yanapozidi.

Kwetu huku mtu akilalamikia chembe cha moyo, jibu liko tayari: vidonda vya tumbo. Ananunua dawa za vidonda duka la dawa, anaacha pilipili na maharage, anaongezewa na mitishamba. Miezi mitatu, minne inapita. Nguo zinaanza kumpwaya. Pengine sukari inapanda kwa mtu ambaye hajawahi kuwa na kisukari. Kisha macho yanakuwa manjano, mkojo unakoza, choo kinapauka, ngozi inawasha usiku kucha. Hapo wengine husema ini, wengine husema amerogwa. Simlaumu mtu. Ugonjwa huu huwapita hata madaktari wazoefu katika nchi zenye mashine za kila aina, na duniani kote wagonjwa wapatao 8 kati ya 10 hugundulika wakati upasuaji wa kuuondoa uvimbe hauwezekani tena. Makadirio ya mwaka 2022 yanasema watu wapatao 511,000 duniani waligundulika kuwa na saratani hii, na wapatao 467,000 walifariki kwa ajili yake mwaka huohuo. Tazama namba hizo mbili zilivyokaribiana.

Sasa fuatana nami katika njia ya mgonjwa wa Kagunga. Kijiji kimebanwa kati ya ziwa na milima. Watu wake ni wavuvi wa dagaa na migebuka, wauza mawese, wachuuzi wa soko la mpakani, na njia yao kubwa ya kwenda mjini ni maji. Boti inashuka kusini, inapita mbele ya misitu ya Gombe, inafika mwalo wa Kibirizi, Kigoma mjini. Kutoka Kibirizi ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni. Kutoka Maweni, mtu anayehitaji tiba ya saratani huelekezwa Bugando, Mwanza, au Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, upande wa pili wa nchi, mwisho wa reli ya kati yenye zaidi ya kilomita 1,200. Njiani kuna nauli, kuna ndugu wa kumsindikiza, kuna mahali pa kulala, kuna siku za kusubiri majibu. Kwa mwenye miaka mingi mbele yake, mwezi mmoja wa kuhangaika si kitu. Kwa mwenye saratani ya kongosho iliyosambaa, mwezi huo ni sehemu kubwa ya maisha aliyobakiwa nayo. Ndiyo maana nasema swali la muda wa kuishi ni swali la haki kabisa, na kila anayepandishwa boti kwenda kutafuta tiba anastahili kujibiwa.

CA 19-9 ilitokana na kazi ya Hilary Koprowski na wenzake katika Taasisi ya Wistar, Philadelphia, Marekani, mwaka 1979. Walikuwa wakitengeneza kingamwili zinazoweza kuzitambua seli za saratani ya utumbo mpana, na mojawapo ikakamata kitu ambacho baadaye kilionekana kwa wingi zaidi katika damu ya wenye saratani ya kongosho. Kitu chenyewe ni aina ya sukari inayobebwa juu ya seli na kumwagika katika damu. Mpaka wa kawaida uliowekwa ni uniti 37 kwa mililita moja. Kuna wenye saratani ambao namba yao haivuki hapo, na kuna ambao inafika maelfu na makumi ya maelfu.

Tangu wakati huo, watafiti wameona jambo lilelile mara nyingi: ukiwachukua wagonjwa wengi ambao saratani yao imeshasambaa, wale walioanza na namba kubwa sana, kwa ujumla, waliishi muda mfupi kuliko walioanza na namba ndogo. Naomba neno "kwa ujumla" lisipotee hewani, kwa sababu familia hupokea namba ya mtu wao mmoja, na huyo mmoja si ujumla.

Kwanza tuone namna namba hii inavyoweza kudanganya.

Saratani iliyo kwenye kichwa cha kongosho huubana mrija wa nyongo. Nyongo ikishindwa kupita, macho yanakuwa manjano, na CA 19-9 inapanda kwa sababu ya kuziba kwenyewe, mbali na saratani. Mgonjwa mwenye manjano makali anaweza kupata namba ya kutisha, na nyongo ikishafunguliwa namba ileile ikaporomoka. Kwa hiyo namba iliyochukuliwa siku macho yana rangi ya manjano haifai kutabiria kitu. Mrija uzibuliwe kwanza, kwa kuwekewa kijibomba au kwa upasuaji, bilirubini, yaani rangi ya manjano iliyo kwenye damu, ishuke, ndipo damu ichukuliwe tena. Mawe ya nyongo, homa ya ini, ini lililosinyaa na kuvimba kwa kongosho vyote huipandisha namba hii bila saratani kuwepo. Sisi tunaishi kando ya ziwa lenye kichocho cha tumbo, katika nchi ambako homa ya ini aina ya B si ngeni. Mtu asipewe hukumu ya saratani kwa karatasi ya CA 19-9 peke yake. Saratani inathibitishwa kwa picha, na kwa kipande cha nyama kilichotazamwa kwenye hadubini.

Udanganyifu wa pili ni wa upande mwingine, na nataka nikae hapa kidogo, maana unatuhusu sisi kuliko wengine.

Mnayajua makundi ya damu A, B, AB na O. Kuna mfumo mwingine wa makundi ya damu unaoitwa Lewis, ambao mtaani hautajwi. CA 19-9 hujengwa kwa njia ileile inayojenga sukari za Lewis. Mtu aliyezaliwa bila kimeng'enya cha kazi hiyo, mwili wake hautoi CA 19-9, au hutoa kidogo mno, hata kama saratani imejaa kwenye ini. Namba yake itasoma 3, itasoma 5, na anayeisoma bila kujua atampongeza. Vitabu vya benki za damu vya Marekani vinaonyesha kwamba watu wasio na sukari za Lewis ni kama 6 katika kila 100 kwa Wamarekani weupe. Kwa Wamarekani weusi ni kama 22 katika kila 100. Narudia kwa anayeandika: 6 kwa weupe, 22 kwa weusi. Maana yake ni kwamba kwa watu wenye asili ya Afrika, kipimo hiki kinaweza kukaa kimya kwa takriban mmoja kati ya watano.

Jambo hili linaniuma. Tafiti kubwa zinazotuambia namba fulani ina maana fulani zimefanyika zaidi Ulaya, Marekani na Asia ya mashariki. Mvuvi wa Kagunga anapimwa kwa kipimo kilichozoezwa kwa damu ya watu wengine. Sisemi kipimo kitupwe. Nasema maabara zetu zinazokipima, na madaktari wanaokiagiza, waandike kwenye karatasi ileile kwamba namba ndogo si ushahidi wa usalama, na vyuo vyetu vya tiba viwapime wagonjwa wetu kundi la Lewis ili tujue hali halisi ya watu wa hapa. Pale ambapo CA 19-9 imenyamaza, kuna viashiria vingine vya kusaidia, kama CEA, iliyogunduliwa na Phil Gold na Samuel Freedman huko Montreal mwaka 1965, na CA 125, ambayo wengi huijua kwa saratani ya mfuko wa mayai ya uzazi.

Turudi kwa mzee wetu na namba yake 1,850. Tuseme hana manjano, picha imeonyesha uvimbe na madoa kwenye ini, na nyama imethibitisha saratani. Daktari akisema wagonjwa wa namna hii huishi miezi sita, anamaanisha nini? Wapange wagonjwa 100 katika mstari, kuanzia aliyefariki mapema hadi aliyeishi muda mrefu kuliko wote. Yule aliyesimama katikati, muda wake ndio unaotajwa. Nusu ya mstari walifariki kabla yake, nusu nyingine waliishi baada yake, na mkia wa mstari huo unaweza kwenda mbali. Mwanasayansi Mmarekani Stephen Jay Gould aliambiwa mwaka 1982 kuwa ana saratani ya utando wa tumbo, na vitabu vikasema katikati ya mstari ni miezi minane. Aliishi miaka 20. Saratani yake haikuwa ya kongosho, tena alipata tiba nzuri mapema, kwa hiyo simtaji ili mtu ajipe matumaini ya uongo. Namtaja kwa sababu aliusoma mstari mzima badala ya kukwama kwa yule wa katikati.

Katika saratani ya kongosho iliyosambaa, mstari wenyewe umesogea polepole mno. Mwaka 1997 dawa ya jemsitabini ilionekana kuwapa wagonjwa miezi 5.65 kwa wale wa katikati, ikilinganishwa na 4.41 kwa dawa ya zamani. Mwaka 2011 madaktari wa Ufaransa walitoa mchanganyiko wa dawa nne uitwao FOLFIRINOX, miezi 11.1 ukilinganishwa na 6.8 ya jemsitabini peke yake. Ni tiba nzito, inataka mgonjwa mwenye nguvu. Mwaka 2013 ukatoka utafiti wa wagonjwa 861 ulioongeza dawa ya pili juu ya jemsitabini, ukafika miezi 8.5. Hayo ndiyo maendeleo ya kizazi kizima cha watafiti. Miezi. Lakini miezi minne ya kukaa na watoto wako haidharauliki, na atakayeitaka asichekwe.

Hapa ndipo CA 19-9 inapopata kazi yake ya kweli. Namba ya kwanza peke yake husema kidogo. Mwendo wake ndio unaosema zaidi. Mgonjwa akianza dawa za saratani, akapimwa kabla ya dawa na tena baada ya wiki zipatazo nane, namba ikiwa imeshuka vizuri, kwa kawaida ana nafasi ya kuishi muda mrefu kuliko yule ambaye yake imeendelea kupanda. Mvuvi wa dagaa haamui kutoka usiku kwa kutazama wingu moja. Anaangalia wingu, upepo na mwezi kwa pamoja, na anaangalia vinaelekea wapi. Namba hii isomwe hivyo, pamoja na picha, uzito wa mgonjwa na nguvu zake.

Na kuna jambo lililonifurahisha nilipolisoma, kwa sababu linaigusa hospitali ya mkoa moja kwa moja. Mwaka 2020 watafiti walichapisha kikokotozi cha kukadiria muda wa kuishi, kilichotengenezwa kutokana na wagonjwa walewale 861. Walijaribu mambo mengi, wakabakiza sita: uwiano wa aina mbili za chembe nyeupe za damu, yaani nyutrofili na limfosaiti, kiwango cha protini ya damu iitwayo albumini, uwezo wa mgonjwa kujihudumia mwenyewe, ukubwa wa uvimbe, kama ini limeingiwa, na kama aliwahi kufanyiwa upasuaji wa kongosho. CA 19-9 haimo katika sita hizo.

Chembe nyeupe zinaonekana kwenye picha kamili ya damu, kipimo cha kila siku. Albumini ni kipimo cha kawaida cha damu. Na uwezo wa mgonjwa kujihudumia hauhitaji maabara hata kidogo: anaamka mwenyewe? Anaoga mwenyewe? Anashinda amelala zaidi ya nusu ya mchana? Mke wake anaijua hali hiyo kuliko mashine yoyote. Kwa hiyo familia isiuze boti au shamba la michikichi kwa ajili ya kukimbilia kipimo cha CA 19-9 mjini, huku picha ya damu ya kawaida iko mezani haijasomwa vizuri. Tahadhari moja tu kwa madaktari wetu: malaria, homa za matumbo, virusi vya UKIMWI na lishe duni huzivuruga chembe nyeupe na kuishusha albumini. Kigoma bado ina malaria nyingi. Mtibu kwanza, mlishe, kisha umpime tena kabla ya kumkatia muda wa kuishi.

Basi namba hizi zina faida gani kwa mtu wa Kagunga? Msimamo wangu ni huu: kipimo kinastahili fedha pale tu jibu lake linapoweza kubadilisha uamuzi. Mzee anayetembea, anayekula, ambaye albumini yake ni nzuri, ana sababu ya kwenda Ocean Road au Bugando kujaribu dawa. Kwake, CA 19-9 ya kabla na ya baada ya wiki nane ina thamani kubwa. Namba ikipanda, na picha ikionyesha uvimbe umekua, daktari mkweli atamwambia dawa haijafanya kazi, na atamruhusu arudi nyumbani angali ana nguvu za kupanda boti mwenyewe. Hilo ni zawadi. Nimeona familia zinazobaki mjini mwezi baada ya mwezi, wakilipia chumba, wakisubiri dozi nyingine, kwa sababu hakuna aliyethubutu kuwaambia.

Lakini mzee ambaye hawezi tena kuinuka kitandani, ambaye amekonda hadi mifupa na miguu imevimba, uamuzi wake umeshajulikana bila namba. Kumtoboa mshipa ili kuandika 1,850 au 18,500 hakumsaidii. Huyo anahitaji maumivu yake yaondolewe, kuwashwa kwake kutulizwe, choo chake kiwe laini, na chakula kidogo anachokipenda. Maumivu ya kongosho ni makali mno kwa sababu uvimbe huingilia mishipa ya fahamu iliyo nyuma yake. Panado haifui dafu hapo. Dawa yake ni mofini ya maji, inayonyweshwa kwa kipimo kila baada ya saa nne. Ni dawa ya bei nafuu. Ocean Road wenyewe huchanganya mofini ya maji. Jirani zetu Uganda walianza njia hii Dk. Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, na tangu 2004 sheria ya huko inawaruhusu wauguzi waliosomea kazi hiyo kuiandika, ili mgonjwa wa kijijini asimsubiri daktari asiyefika. Wanaoogopa kwamba mofini inamuua mgonjwa au inamfanya mlevi, wajue kwamba ikitolewa kwa maumivu ya saratani, kwa kipimo kinachopandishwa taratibu, humrudishia usingizi, mazungumzo na hamu ya kula.

Msiniambie Kagunga ni mbali. Mei 2015, makumi ya maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walijazana katika ufukwe ule ule, kipindupindu kikazuka, na dripu zikafika, wauguzi wakafika, na meli ya Liemba ikawabeba watu safari baada ya safari hadi Kigoma. Iliwezekana kwa sababu iliamuliwa. Chupa ya mofini ni ndogo kuliko katoni ya dripu.

Nimalizie na karatasi ile. Kwetu, majibu hupewa mtoto mkubwa wa kiume au mjomba, na mgonjwa anaambiwa ni "uvimbe kidogo". Tunafanya hivyo kwa mapenzi. Lakini mzee ana deni la nyavu, ana mipaka ya shamba anayoijua peke yake, ana ndugu wa Nyanza-Lac, Burundi, hawajaonana miaka, ana mambo yake na Mungu wake. Aulizwe kwanza: baba, unataka kujua kiasi gani? Akisema hataki, aheshimiwe. Akisema anataka, aambiwe kwa utaratibu, asipewe tarehe. Daktari aseme kama anafikiri ni wiki, au miezi, au pengine zaidi ya mwaka, na aeleze kwa nini.

Na kabla hajapanda boti pale Kibirizi kurudi nyumbani, mgonjwa adai barua ya kwenda kwa mganga wa kituo cha tiba cha kijiji chake. Barua iandikwe kwa Kiswahili, kwa mwandiko unaosomeka: jina la ugonjwa, namba za damu na tarehe zake, kama alikuwa na manjano siku alipopimwa, dozi ya mofini na dawa ya kulainisha choo inayokwenda nayo, siku ambayo chupa itakwisha, na namba ya simu ya mtu wa hospitalini atakayepokea usiku.